Ubalozi wetu unalinda "uhusiano mzuri", raia ajijue mwenyewe

Wakuu, nimevumilia nimechoka.

Leo siku ya 19 jamaa ninayelala naye chumba kimoja yuko mahabusu ugenini huku. Kosa lake ni kukutwa barabarani hana pasipoti. Pasipoti anayo bosi wake, alimnyang'anya siku ile ile alipofika, imefungiwa kwenye droo. Polisi wa hapa, tena nawasifu, walimuuliza kama anataka ubalozi wake ujulishwe. Akakubali, wakapiga. Ubalozini jina likaandikwa, ikawa imetoka.

Nikaenda mwenyewe. Saa mbili asubuhi niko getini. Dirisha la huduma ni moja, kioo chake kina katundu huko chini, unaongea umeinama kama mtu anayeomba radhi. Saa tano na nusu ndipo akatokea ofisa mmoja, hata jina la mfungwa hakuuliza. "Hilo suala ni nyeti. Tukilivalia njuga tutaharibu uhusiano mzuri tulio nao na wenyeji."

Jioni hiyo hiyo ukurasa wao umejaa picha za balozi akikata keki na wakubwa wa hapa. Keki yenyewe ina bendera mbili.

Sasa huo Mkataba wa Vienna wa 1961 unaowapa kinga, magari yasiyopekuliwa na jengo ambalo polisi haingii bila ruhusa, Ibara ya 3 inataja kazi za ubalozi. Kulinda maslahi ya nchi na raia wake iko herufi (b). Kukuza urafiki iko (e), mkiani kabisa. Hawa wenzetu wameanza kuisoma kutoka chini na hawajafika juu.

Na ule wa 1963 wa mahusiano ya kikonsula, yaani huduma kwa raia walio ugenini, Ibara ya 36 unampa ofisa wetu haki ya kumtembelea raia aliye kizuizini, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Mwenyeji amejifunga mwenyewe kwa mkataba huo. Kuidai kunamkosea heshima vipi?

Mwaka 2003 Meksiko iliishtaki Marekani, jirani na mteja wake mkubwa, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya raia wake waliohukumiwa kifo bila kuelezwa kwamba wana haki ya ubalozi wao kujulishwa. Watu wenye kesi za mauaji, siyo za pasipoti! Mwaka 2004 mahakama ikasema mkataba umevunjwa kwa raia 51. Balozi zao hazikufungwa, na biashara haikusimama.

Kabla hamjaniambia ubalozi hauna mamlaka juu ya polisi wa watu, najua. Ibara ya 41 ya ule mkataba wa 1961 inawakataza kuingilia mambo ya ndani ya mwenyeji. Sijaomba wamtoroshe. Nimeomba barua ya kuthibitisha kwamba ni raia, hati ya dharura ya kusafiria, na mtu mmoja aende akamwone hata dakika kumi. Hiyo ni karatasi mbili na nauli.

Alhamisi ndiyo siku ya kuwaona mahabusu, na najua ataniuliza tena kama wamekuja.

Kwa hiyo aliyewahi kupata barua ya uraia ubalozini bila kujuana na mtu wa ndani, aniambie alipitia dirisha gani. Mimi nimeliona moja tu.