MREJESHO: Niliyegoma chanjo ya mafua chuo cha unesi

Wapendwa nimerudi kama nilivyoahidi. Mi ndo yule nasoma unesi huku Minnesota, Marekani, mwezi wa 9 niliuliza nifanyeje maana chuo kinataka lazima chanjo ya mafua kabla ya kwenda klinikali (mafunzo ya vitendo hospitalini) na mi sitaki kuchomwa. Nilifuata ushauri wa kuomba fomu ya kukataa nikaandika sababu yangu ya kweli, sikusingizia dini kama wengine mlivyosema, chuo wakakubali ila hospitali niliyopangiwa wakakataa katakata, bila chanjo hukanyagi wodini. Nikahamishiwa nyumba ya wazee, wao wanaruhusu ukivaa barakoa zamu nzima mpaka msimu wa mafua uishe, masaa 12 na barakoa jamani si mchezo. Wodi ya watoto nimeikosa, nitairudia kiangazi na ada juu, hiyo imeniuma sana.

Yule dada nesi aliyesema sindano haina kirusi hai hivyo haiwezi kukupa mafua, nimemuuliza mwalimu kathibitisha, hofu hiyo imeniisha kabisa, ubarikiwe. Kuchomwa bado sijachomwa. Ila mwenye hali kama yangu aanze kuuliza hospitali ndo aende chuo, mi nilianza kinyume. Asanteni sana wote.