Nyaya za sola na nyaya za pampu ndani ya bomba moja: je, inaruhusiwa?

Mkazi wa Njombe:
Ndugu wataalamu, naombeni ushauri. Nimenunua paneli 8 zitakazounganishwa kwa mfululizo mmoja, na kila paneli imeandikwa volti 49 ikiwa haina mzigo na ampea 14 ikipigwa shoti. Inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe kama wa nyumbani, itafungwa stoo. Kutoka darini hadi stoo lipo bomba la plastiki la milimita 25, lenye nyaya za kawaida za milimita za mraba 2.5 zinazopeleka umeme wa volti 230 kwenye pampu ya tenki la juu, zikilindwa na breka ya ampea 20. Fundi anasema nyaya za sola zipite humo humo, kwa sababu nafasi ipo na ukuta umekwisha kupigwa lipu. Je, jambo hili ni salama?

Fundi wa Zamani:
Ndugu yangu, usikubali. Tuanze na joto, kwa kuwa hilo linahesabika. Kwa majedwali ya BS 7671, yaani kanuni za Uingereza za kufunga umeme, saketi moja ya waya wa PVC wa milimita za mraba 2.5, ikiwa peke yake katika bomba la ukutani kwenye nyuzi joto 30, hubeba ampea 24. Saketi ya pili ikiingia humo, unazidisha kwa 0.80, na tukikadiria nyuzi 50 chini ya bati mchana, unazidisha tena kwa 0.71. Kinachobaki hakifiki ampea 14, ilhali breka itaendelea kuruhusu 20. Tena jua likiwa utosini ndipo paneli zinapotoa mkondo mkubwa, na huenda pampu nayo iko kazini.

Linalonitia hofu zaidi ni fundi atakayekuja baada yetu. Atazima swichi kuu, atapima nyaya za pampu na kuzikuta hazina umeme, kisha atakata kwa koleo kila kilichomo ndani ya bomba. Paneli hazizimwi na swichi kuu. Maadamu kuna jua, nyaya zinazotoka darini zina volti karibu 400. Kwa Njombe ni zaidi ya hapo, kwa sababu volti ya paneli hupanda kadiri baridi inavyozidi: 392 za kwenye karatasi (paneli 8 mara volti 49) zitafika kama 413 asubuhi ya nyuzi 5. Cheche ya DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa paneli) nayo haijikati yenyewe kama ya AC (umeme wa kawaida wa nyumbani), ambayo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde.

Mchora Ramani:
Ninakubaliana na hitimisho, ila tusimwambie muulizaji kwamba kuchanganya ni haramu kila mahali. BS 7671 inaruhusu saketi za volti tofauti katika njia moja iwapo kila waya una ngozi inayohimili volti kubwa kuliko zote zilizomo. Wamarekani ni wakali zaidi: kifungu cha 690.31 cha kanuni zao kinataka saketi za DC za sola zitenganishwe kwa kizuizi na saketi za mifumo mingine. Kwa hiyo, kama ukuta hautapasuliwa, funga trankingi, yaani mfereji wa kupitishia nyaya, juu ya lipu, yenye vyumba viwili na mfuniko. Hilo bomba la zamani msiliguse. Kuvuta nyaya mpya katikati ya nyaya zilizokwisha kulala humo huchuna ngozi zake, na mchubuko hutauona.

Mkazi wa Njombe:
Nashukuru sana. Nina maswali mawili zaidi. Mwakani nitaongeza mfululizo wa pili: je, nao upite na huu wa kwanza? Na fundi sasa anapendekeza chanya ishukie upande mmoja wa nyumba na hasi upande mwingine, ili zisigusane kamwe.

Fundi wa Zamani:
Mifululizo miwili ya DC inaweza kukaa pamoja. Waya halisi wa sola wa milimita za mraba 4, wenye ngozi mbili na alama H1Z2Z2-K, hubaki na nafasi ya kutosha kwa ampea 14 hata baada ya kupunguziwa. Weka namba kwenye ncha zote mbili za kila waya, maana chanya ya mfululizo mmoja ikifungwa pamoja na hasi ya mwingine, inveta inaweza kuharibika.

Hilo la kutenganisha chanya na hasi likataeni. Nyaya hizo zikiachana, zinafanya kitanzi kikubwa kuizunguka nyumba, na radi ikipiga hata jirani, kitanzi hicho kinazoa msukumo wa volti na kuupeleka moja kwa moja kwenye inveta. Zishuke bega kwa bega, pamoja na waya wa ethi wa fremu za paneli. Swichi ya kutenganisha iwe imeandikwa DC, ya volti 600 au zaidi, na ikae karibu na inveta. Breka ya kawaida ya AC isitumike hapo. Kwenye trankingi, kila inapopinda au kuingia chumba kingine, bandikeni maandishi yasiyofutika: «DC ya sola, ina umeme wakati wote wa mchana».