Sauti ya "huwezi" inanirudisha kwenye chipsi

Mama wa Kayole: Daktari amenionya kuhusu presha. Nimepunguza chumvi, lakini nikipita kibanda cha chipsi jioni, moyo unaniambia, "Umeshashindwa, kula tu." Nyinyi mnaijibuje?

Dada wa Umoja: Pole dada. Usijidanganye eti mambo ni shwari, moyo hautakuamini. Ijibu kwa jambo la kweli: "Jana nilikula chipsi, ndiyo. Leo sukuma nimeipika kwa limau na dhania, na watoto wamemaliza sufuria." Mimi hulisema kwa sauti, hata kwenye matatu.

Mzee wa Buruburu: Binti yangu, Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Ipime asubuhi, uiweke kando. Na hicho kibanda, hakuna njia nyingine ya kufika nyumbani?