Nimelalamika kunyanyaswa, nimejibiwa nivae umbo la kiume

Ninaandika nikiwa na hasira, ingawa nimesubiri siku tatu nisije nikaandika matusi. Mimi ni mwanamke, mkaazi wa Kibokoni hapa Mombasa, na kwa miezi minane nimekuwa nikiingia katika ulimwengu pepe mmoja (mahali pa mtandaoni ambapo kila mtu hutembea na kuzungumza na wenzake akiwa ndani ya umbo la kuchorwa), ambao sitautaja jina, kila usiku baada ya Isha watoto wakishalala, kwa bando ninalolinunua kwa pesa zangu.

Kero ilianza siku ya kujiandikisha. Anayechagua umbo la kiume hupewa bure suruali, koti na kofia, ilhali anayechagua la kike hupewa kiuno cha nyigu na kijinguo ambacho hata chumbani mwangu ningeona haya kukivaa. Nilitaka nionekane kama ninavyokwenda Marikiti: buibui na ushungi, basi. Buibui halikuwapo kabisa. Ushungi ulikuwa dukani, kwa sarafu zao zilizonigharimu takriban shilingi 400, na kila nilipogeuza shingo nywele ziliupenya mithili ya miiba. Niliuvaa hivyo hivyo.

Wiki mbili zilizopita wanaume watatu (au waliovaa maumbo ya kiume, maana humo huwezi kuapa) walinizunguka kwenye ukumbi wa muziki, mmoja akawa anapitisha mikono ya avata yake, yaani lile umbo lake, kifuani pa yangu huku wenzake wakicheka, kisha wakanitaka niwashe maikrofoni nithibitishe kuwa kweli ni mwanamke. Nilipowashtaki kwa wasimamizi nilijibiwa kwamba nijaribu umbo lisilovutia watu, kwa mfano la kiume.

Nilijaribu, si kwa kutii bali kwa kutaka kuona. Siku saba nilitembea humo nikiwa na ndevu, na hapana hata mmoja aliyenigusa wala kunidai ushahidi wa jinsia yangu. Siku ya nane nilizungumza, sauti ikanifichua, yakarudi yale yale.

Sina ugomvi na mwanamume anayevaa umbo la kike wala mwanamke anayevaa la kiume. Hiyo ndiyo ladha ya dunia hizi, na LambdaMOO, mojawapo ya dunia hizo za mwanzo, iliyoanzishwa mwaka 1990 ikiwa ya maandishi matupu, tayari ilimruhusu mtu ajichagulie jinsia nje ya hizo mbili. Ugomvi wangu ni kulazimishwa kuwa mwanamume ili nikae kwa amani mahali nilipolipia. Wala wasiniambie jambo hili ni geni: huko huko LambdaMOO, mwaka 1993, mtumiaji mmoja alitumia programu kuwafanyisha wahusika wa wenzake mambo ya aibu mbele ya kadamnasi, na aliyefutwa ni yeye, si waliotendewa. Meta nayo, kampuni yenye Facebook, Februari 2022 iliweka mpaka wa karibu futi 4 kati ya avata na avata katika Horizon Worlds, ulimwengu pepe wake. Kumbe inawezekana.

Sheria yetu ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018 inatambua unyanyasaji wa mtandaoni, lakini niende kituoni nikaeleze nini? Kwamba nimeshikwa kifua ambacho si kifua? Askari wa zamu atamwita mwenzake aje asikie.

Nimewaandikia wasimamizi mara nne nikitaka watu wale wazuiwe na mpaka kama ule wa Meta uwekwe, au nirudishiwe fedha za ushungi. Juzi barua ya nne ilijibiwa kuwa lalamiko limefungwa, na chini yake wakaniwekea nyota tano, nichague nimehudumiwa vizuri kiasi gani.