Tupeane uzoefu: kutafuta kanisa la kukaa, sisi wa Mbeya, Iringa na nyanda za juu

Mwana wa Rungwe
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Jana nimepita Mafiati jioni nikasikia kwaya inafanya mazoezi ya wimbo ambao baba alikuwa anauimba akichuma chai. Nikashusha begi, nikasimama pale pale mpaka bajaji mbili zikanipigia honi. Ndiyo maana naandika.

Nimekulia Moravian, Tukuyu. Huu ni mwaka wa tatu niko Mbeya mjini kikazi na mpaka leo sina kanisa. Si kwamba siendi, naenda sana. Ushirika wa kwanza niliingia na kutoka miezi minane, hakuna aliyeniuliza jina. Aliyekuja kuniuliza alikuwa mtunza hazina, na aliuliza kwa sababu ya namba ya bahasha ya sadaka. Nikahamia kanisa la kiroho upande wa Ilomba. Huko wanakushika mkono, wanakupigia simu wiki nzima, lakini mahubiri yote ni gari, nyumba na maadui. Nikakaa nyumbani miezi miwili nasikiliza ibada redioni, roho ikakauka kabisa.

Ninacho kitabu cha nyimbo cha baba, jalada alilishona mwenyewe kwa uzi wa viatu. Nakibeba kila Jumapili na kinarudi hakijafunguliwa, maana kote ninakokwenda maneno ya nyimbo yanamulikwa ukutani.

Nani alihangaika hivi akapata? Mlifanyaje?

Mama Wawili Uyole
Hapo pa bahasha umenigusa, mwanangu.

Mbena wa Makambako
Kaa kanisa la wazazi wako. Kanisa si kiatu, ukajaribu hiki ukaacha kile.

Fundi Sae
Mbena, sikubaliani na wewe. Mimi nilizaliwa Mluteri, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya, na sikuwahi kumjua Yesu mpaka nilipookoka nikiwa na miaka 27. Nilibatizwa kwa maji mengi mwezi wa saba, hapa hapa Mbeya, mnajua maji ya mwezi huo yalivyo. Nilitoka natetemeka lakini ndani nilikuwa mtu mwingine. Ningekaa kwa ajili ya wazazi leo ningekuwa wapi?

Mbena wa Makambako
Kwa hiyo ubatizo wa kwanza ulikuwa wa nini? Wazazi wako walikupeleka kuogeshwa?

Mwalimu Mstaafu
Vijana, semezaneni taratibu. Hili la kanisa la wazazi lina historia yake. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Waluteri wa misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Wakapatana mpaka: hawa wahubiri upande wa magharibi, wale upande wa mashariki. Babu yangu alizaliwa upande wa Waluteri akazikwa Mluteri. Dada yake aliolewa upande wa pili, akazikwa Mmoravian. Baba mmoja, mama mmoja. Walipendana mpaka mwisho na kila mmoja alikuwa mwaminifu kanisani kwake, ila hakuna kati yao aliyekaa chini akachagua. Kwa hiyo kijana wa Rungwe asione aibu kwamba anatafuta. Anafanya kazi ambayo babu zake walifanyiwa na wageni.

Ticha wa Makete
Mimi ni mtu wa Mara. Nilipangiwa shule Makete, ndani ndani huko. Jumapili ya kwanza nikaenda kanisa pekee lililokuwa karibu, la Kiluteri. Liturujia Kiswahili, nikasema afadhali. Mahubiri yakaanza, mwinjilisti kahamia Kikinga moja kwa moja. Saa nzima sielewi neno, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Watu wanacheka, mimi natazama dari. Watu wanainamisha vichwa, na mimi nainamisha.

Jumapili ya tatu bibi mmoja akahama benchi akaja kukaa karibu yangu, akanifunika nusu ya shuka lake, akaanza kunitafsiria sikioni. Kiswahili chake chenyewe cha kubahatisha. "Anasema Petro aliogopa maji." Kimya. "Sasa anasema na nyinyi mnaogopa." Miaka miwili alikuwa ananitafsiria hivyo. Siku alipougua nikajikuta naelewa mahubiri peke yangu, na nililia mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama nimefiwa.

Sijui kama nilipata kanisa au nilipata bibi. Sasa niko Njombe mjini, makanisa yamejaa, Kiswahili tupu, na bado natafuta.

Mama Wawili Uyole
Jamani huyo bibi. Mungu amlaze pema kama ametangulia.

Ticha wa Makete
Yupo mama, anatembelea fimbo.

Dada wa Ipogolo
Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki wa Iringa. Kwetu ukihama mtaa unauliza tu jumuiya inasali nyumba gani. Nilipohamia Ipogolo sikuanzia parokiani, nilianzia kwenye mkeka wa mama mmoja muuza mboga, watu tisa, saa kumi na mbili asubuhi, rozari na somo la Jumapili. Nilipojifungua, hao tisa ndio walikuja na kuni na maji. Parokiani hata leo padri hanijui kwa jina. Kijana, usitafute kanisa kubwa. Tafuta watu tisa.

Mnyalukolo wa Kihesa
Kamwene dada. Jumuiya ni nzuri lakini usiposali nao miezi mitatu ukafiwa ndipo utajua.

Mjukuu wa Mbozi
Mnyalukolo umenikumbusha. Babu yangu alifariki karibu na Vwawa baada ya kulala kitandani miaka miwili. Tumemwosha, jeneza liko sebuleni, mama anamtuma mdogo wangu kwa wazee wa kanisa. Wakaja na daftari. Sikufikiri kama nitaona daftari kwenye msiba. Wakafungua, wakasoma: ahadi ya ujenzi hajamaliza, sadaka ya mavuno misimu miwili hakuna. Ikabidi deni liishe ndipo mchungaji aje. Tulichanga pale pale chini ya mwembe, elfu themanini na sita, shangazi mmoja akavua kitenge cha juu akamuuzia jirani. Mchungaji akaja, akahubiri vizuri sana juu ya neema.

Mimi tangu siku hiyo nasali kwenye chumba changu.

Mzee wa Baraza
Pole kwa msiba. Lakini nami nina la kusema, maana mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa kumi na moja. Bati zinanunuliwa na nani? Mwinjilisti anakula nini? Kuna watu wenye maduka wanaandika ahadi mbele ya watu ili wapigiwe makofi, halafu hawaonekani mpaka siku ya jeneza. Tukiacha daftari, kanisa linaanguka.

Mjukuu wa Mbozi
Babu hakuwa na duka. Alikuwa amepooza. Na wazee hao hao walikuwa wanapita mbele ya nyumba yake kila Jumapili kwenda ibadani.

Mzee wa Baraza
Kama hawakumtembelea mgonjwa miaka miwili, walikosea, tena sana. Hapo sina utetezi.

Kijana wa Soweto
Ushauri wangu ni mfupi: tafuta lenye kwaya nzuri, choo kisafi, na karibu na nyumba. Mvua zikianza utanishukuru.

Niliyetoka Ilomba
Nilikuwa nasoma tu. Ila neno "maadui" alilosema kaka wa Rungwe limenirudisha pabaya, acha niseme.

Nilikuwa na mimba ya tatu, mbili za mwanzo zilitoka. Shoga yangu tunayeuza naye mitumba Mwanjelwa akanipeleka kwa mtumishi mmoja. Jina silisemi, na lile banda halipo tena. Wiki ya kwanza maombi tu, nililia nikajisikia mwepesi. Wiki ya tatu akaniita mbele, akaniuliza, "Mama yako mzazi yuko hai?" Nikamwambia yuko hai, yuko Umalila. Akanyamaza. Akashusha sauti, akasema, "Kinachokula watoto wako kinakaa kwenye mkono uliokulisha."

Hakutaja uchawi. Watu wote walishaelewa.

Mama yangu analima viazi. Kila mavuno alikuwa ananitumia gunia kwa gari za kushukia Mbalizi. Safari ile lilipofika nilimwambia kijana wa mkokoteni alimwage mtaroni, nje ya geti. Viazi vyekundu, vikubwa, udongo wa kwetu bado umeshika. Nikasimama dirishani. Watoto wa jirani wakaja na ndoo, mpangaji wa nyumba ya pili akaja na beseni, wakaokota vyote, hata vilivyopasuka. Jioni nikasikia harufu ya chipsi uani kwao. Sikulala, nasubiri kusikia mtu analia. Asubuhi wale watoto wakaenda shule wanakimbizana. Hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mngedhani hapo ningefumbuka macho. Nilimweleza mtumishi, akasema viazi havikuwadhuru kwa sababu havikutumwa kwao. Nikaamini. Namba ya mama niliizuia mwaka mmoja na miezi minne. Mtoto akazaliwa salama, wakasema umeona? Laki nne za mtaji nikazitoa shukrani.

Kaka yangu ndiye alinifuata sokoni. Akasema mama haoni, mtoto wa jicho macho yote mawili, anashinda barazani, na kila gari likisimama anauliza, "Ni yeye?" Nikaenda. Nilifika nikasimama tu, mtoto mgongoni, sauti haitoki. Mtoto akakohoa. Mama akasema, "Huyo ana kifua. Mlete nimshike, kuna maji ya moto jikoni." Hakuniuliza nilikuwa wapi. Mpaka leo hajaniuliza.

Kanisani siendi. Mhubiri yeyote akishusha sauti, hata wa heri, mikono inaanza kutetemeka natoka nje.

Mama Wawili Uyole
Nimesoma nimeweka simu chini. Nimempigia mama yangu.

Kijana wa Soweto
Dada taja jina la huyo mtu, wengine wasiingie.

Niliyetoka Ilomba
Sitaji. Nina mtoto, na wafuasi wake bado wako sokoni.

Mlinzi wa Madhabahu
Poleni, lakini tuwe makini na vinywa. Tusiwaguse masihi wa Bwana. Mtumishi akikosea, Mungu wake atamshughulikia. Na mtoto si alizaliwa salama?

Mnyalukolo wa Kihesa
Na mama aliyekaa barazani mwaka mmoja na miezi minne, yeye si wa Bwana?

Fundi Sae
Mlinzi, mimi ni mlokole mwenzako na nakwambia huyo hakuwa mtumishi. Mchungaji wetu mtu akija na habari ya kumtaja mzazi wake anamwambia kwanza nenda kasalimie nyumbani, uje na mzazi tuombe wote. Yohana wa kwanza, sura ya nne, mstari wa kwanza: tumeagizwa tuzijaribu roho. Hatukuagizwa tufunge macho.

Mlinzi wa Madhabahu
Sijamtetea. Nimesema tusihukumu.

Mbena wa Makambako
Ndiyo maana nilisema mapema, haya makanisa ya mabanda…

Fundi Sae
Na daftari la msibani lilikuwa la banda? Wacha, Mbena. Leo si siku ya ubishi huo.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu wa Umalila, la muhimu kwanza: mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Msikae naye hivyo, mpelekeni kwa daktari wa macho.

Niliyetoka Ilomba
Asante baba. La kulia limeshafanyiwa. Kitu cha kwanza alichotazama ni miguu ya mtoto, akasema hana viatu vya baridi. La kushoto tunangoja tuuze viazi vya msimu huu.

Dada wa Ipogolo
Anza na sala hapo hapo barazani kwa mama. Wawili watatu wanatosha, ni neno lake mwenyewe.

Mzee wa Baraza
Lakini asizoee hivyo moja kwa moja. Waebrania 10:25 hatuwezi kuufuta.

Ticha wa Makete
Mzee, mwacheni kwanza mikono itulie.

Alto wa Mafiati
Nimesoma yote tangu asubuhi. Kaka wa Rungwe, kwaya uliyoisikia jana ni sisi, nilikuwa mstari wa mbele. Tuko sitini hivi siku ya ibada, paa linavuja upande wa kushoto, na mchungaji wetu anahubiri muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Bahasha zipo pia, sitaki nikudanganye. Ila mgeni hatoki bila kusalimiwa, mwenyekiti wa akina mama anasimama mlangoni kwa ajili hiyo.

Mwana wa Rungwe
Mnaimba kwa kitabu au ukutani?

Alto wa Mafiati
Kitabu. Njoo na chako, vyetu havitoshi. Ibada ya kwanza saa moja, ya pili saa nne. Njoo ya pili.

Na dada wa Umalila, kuna mlango wa pembeni karibu na benchi la mwisho. Huwa hatuufungi. Ukitaka kutoka utoke, nitawaambia wasikufuate.

Niliyetoka Ilomba
Nimesoma dada.

Mwana wa Rungwe
Nitakuja. Nivae nini, baridi iko vipi humo ndani?

Alto wa Mafiati
Beba sweta. Na uwe na hela ya mnada, Jumapili hii watu wa Kiwira wanaleta ndizi.