Ushauri: watoto wa Dar kulala kwenye hema Ngorongoro mwezi wa saba, wanalalaje?

Mama_Tabata
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri hasa nyie wazazi mliowahi kulala porini na watoto wadogo. Mwezi wa saba mume wangu ana likizo na kaamua safari hii hatuendi kijijini, tunaenda Ngorongoro tulale kempsaiti ya Simba kule juu ukingoni, tukitoka hapo tushuke Serengeti tulale Seronera. Loji tumeangalia bei tukazima simu. Sasa watoto wangu mkubwa ana miaka minne, mdogo mwaka na nusu bado ananyonya usiku, wamezaliwa Dar wamekulia Dar, wanalala feni inazunguka, baridi wanayoijua ni ya kwenye friji. Huyu mkubwa umeme ukikatika tu anaamka na kilio. Mama mkwe ameshasema tunawapeleka wakachukue nimonia, mume anasema mbona Wamasai wanalea watoto huko huko mwaka mzima, nikamwambia Wamasai wana maboma, wewe una hema la kuazima. Wanyama sina shida nao sana, nataka kujua tu hawa watoto watalala au tutakesha wote wanne?

Dereva wa Karatu
Dada karibu sana kaskazini, mimi hiyo njia ndio kazi yangu. Simba iko zaidi ya mita 2,300 juu, na mwezi wa sita mpaka wa nane usiku inashuka chini ya digrii kumi kirahisi tu, ukungu unaingia mpaka unashindwa kuona hema la jirani. Shuka la kimasai peke yake halikusaidii kitu. Watu wengi wanabeba mablanketi ya kujifunika juu wakati baridi ya hema inatokea chini, ardhi ndio inakunyonya joto usiku kucha. Godoro la kujaza upepo kwa Simba silishauri kabisa, hewa ya ndani inapoa na mtoto anakuwa kalalia baridi. Beba godoro la sponji hata la inchi tatu, chini yake mkeka, katikati ya mkeka na godoro tandika blanketi moja nzito. Seronera ni chini zaidi, huko mtapumua.

Jambo jingine fikeni mapema, saa tisa saa kumi muwe mmeshasimamisha hema, watoto wacheze ndani humo wakati jua bado lipo walizoee, kwa sababu huku jua likizama halikuagi, saa moja na nusu ni giza totoro na ukimwingiza mtoto mara ya kwanza kwenye hema gizani huyo umemkosa. Na hema msiliweke karibu na jiko wala vyoo. Wapishi wa wazungu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wageni wao wanataka kuwa getini saa kumi na mbili washuke kreta, lile bonde la wanyama, masufuria yanagongana hapo hakuna mtoto anayelala.

Mzee wa Fursa
Mbona mnahangaika, Piriton ya maji kijiko kimoja saa mbili usiku, watalala fofofo mpaka asubuhi. Sisi wote tumelelewa hivyo

Nesi_Wodi_ya_Watoto
@Mzee wa Fursa hapana kaka tafadhali. Piriton ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake tu, na kwa watoto wadogo hasa chini ya miaka miwili haitolewi bila daktari maana inaweza kuwaletea shida ya upumuaji. Na wako watoto wanaogeuka, badala ya kulala wanakuwa kama wamewekwa betri mpya, hapo ndio mtaijua safari.

Mama Tabata kuna jambo lingine kubwa kuliko hata hilo: msiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata kama moto umebaki makaa tu, hata kwa dakika kumi za kupasha joto. Ile hewa ya mkaa haina harufu wala haikohozeshi, inaua familia nzima ikiwa imelala, kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo mikoa ya nyanda za juu. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo msiwashe ndani. Kwa joto chukueni chupa imara ya maji ya moto, ifungeni vizuri, ivisheni soksi, ikae kwenye matandiko nusu saa kabla ya mtoto kuingia, akilala mnaitoa. Nguo alizoshinda nazo mchana mvueni zote mpaka fulana, zina jasho hata kama zinaonekana kavu, mvisheni nguo kavu, soksi na kofia. Msimzidishie lakini, mshike shingo kwa nyuma, ikiwa na jasho mmemvisha sana. Mikono kuwa ya baridi isikutishe.

Ngorongoro juu kule mbu ni wachache kwa ajili ya baridi, Seronera mbu wapo, zipu ya wavu ifungwe kabla jua halijazama sio baada.

baba_junia_254
Niaje wadau, mimi niko Nakuru na hawa wangu tunapenda kwenda Naivasha kando ya ziwa, kule viboko hutoka majini usiku kula nyasi, kuna waya wa stima umewatenga na hema lakini ile sauti yao ni kama mtu anacheka ndani ya drum. Kijana wangu alikuwa analia ile mbaya. Chenye kilitusaidia ni kumwambia mapema mchana, usiku utaskia hivi na hivi, huyo ni kiboko anakula supper, tukawa tunaigiza hiyo sauti sisi wote. Usiku akiskia anasema daddy kiboko ameanza kula, halafu analala zake. Nyinyi huko mtaskia fisi na simba, hata pundamilia wakikata nyasi karibu na hema, so mfundishe huyo wa miaka minne kabla mfike.

Na simamisheni hema nyumbani sebuleni wiki moja kabla, wacha walale ndani. Hiyo tu ni nusu ya kazi.

Mama_Tabata
Jamani asanteni, sebuleni leo leo. Hilo la Piriton nilishalisikia kwa mashangazi kwa hiyo dada Nesi umeniokoa na kikao cha ukoo. Mume anasema tuwazungushe mchana kutwa kwenye gari wachoke, wakifika hemani wanaanguka wenyewe. Ni kweli? Na huyu mdogo akinyonya usiku inakuwaje, na kojo la mkubwa je, maana choo kiko mbali na nje giza.

Bibi Harusi Mstaafu
Mumeo anajidanganya mwanangu. Mtoto wa mwaka na nusu kwenye gari la kutikisika halali usiku, analala saa kumi jioni mkiwa njiani kurudi kambini, akiamka saa kumi na mbili ana nguvu za kushinda mbio. Mlazeni saa sita mchana mahali mnapokula, jioni msimwache asinzie hata kwa kuimbiwa. Na aliyechoka kupita kiasi analia zaidi, hilo mama yeyote analijua akina baba ndio wanalisahau.

Kunyonya mlaze katikati yenu, upande wako, wewe vaa sweta la vifungo. Ile khanga unayojifunga nyumbani usiifue kabla ya safari, mtandikie hiyo hiyo. Kula ni ile ile saa yao ya nyumbani, uji kwenye chupa ya chai, hadithi ile ile, kama ni dua ni ile ile. Porini pageni panatosha, usimletee na ratiba mpya.

Dereva wa Karatu
Kojo nunua poti ya plastiki, iwe kwenye kibaraza cha hema ndani ya zipu. Kempsaiti ya Simba haina uzio, nyati na tembo wanapita kambini, tembo wanafuata maji, kwa hiyo usiku mtoto hatoki na wewe hutoki naye. Kila chakula kilale kwenye gari, na nasema kila, biskuti, maziwa, ndizi iliyobaki mfukoni. Uji wa usiku wapeni nje kabla ya kulala, nguo iliyomwagikiwa ikae garini pia. Mkifunga zipu mkatulia wanyama wanapita zao.

Mwanahija_Sweden
Nawaonea wivu na hilo giza lenu. Huku mwezi wa sita saa nne usiku bado kweupe, wanangu wananiambia mama jua halijalala na sisi hatulali, naning'iniza mashuka meusi juu ya hema majirani wananishangaa 😂

Mama_Tabata
😂😂 Pole. Swali la mwisho, slipingi begi za watoto Dar napata wapi? Nilizoona ni za watu wazima.

Dereva wa Karatu
Zungukia mitumba Karume, au subiri ufike Arusha, wanaokodisha vifaa vya kupandia Kilimanjaro wanazo. Ukikosa ya mtoto chukua ya mkubwa, kunja ile sehemu ya miguu iende chini uifunge na kamba, maana nafasi tupu miguuni haipati joto. Hiyo ni kwa wa miaka minne. Mdogo usimtie kwenye begi, anaweza kuzama kichwa, yeye nguo nzito na kifua chako. Mkipita Karatu nitafute PM niwaangalizie godoro.