Je, Kanisa Katoliki hufundisha kwamba matendo mema ndiyo yanayookoa?

Binti wa Mumias

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili. Mimi ni Mkatoliki niliyeolewa katika familia ya Kanisa la Marafiki (Quakers) huko Vihiga, na hivi karibuni tulimzika mama yangu mzazi. Siku ya mazishi, mhubiri mmoja alisema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema sana, lakini Wakatoliki hutegemea matendo, na matendo hayamfikishi mtu mbinguni. Mama alikuwa na desturi ya kumpelekea jirani aliyepooza thamosi ya uji kila atokapo jumuiya, akamwosha na kumbadilishia shuka kabla ya kurudi kwake, wala sikuwahi kumsikia akiuhesabu wema huo kuwa deni ambalo Mungu angemlipa. Shemeji zangu wananiuliza kwa upole, si kwa ubishi, nami nataka kuwajibu kwa haki. Je, Kanisa letu hufundisha kwamba tunaokolewa kwa matendo? Na ikiwa sivyo, Yakobo 2:24, isemayo kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo wala si kwa imani peke yake, inapatanaje na Waefeso 2:8, isemayo kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani?

Katekista, Kisumu

Milele na milele, amina. Pole sana kwa msiba, dada. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana, na Kanisa lilikwisha kulitoa rasmi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika kikao chake cha sita, tarehe 13 Januari 1547, ulipitisha kanuni kuhusu kuhesabiwa haki, yaani kupokelewa na Mungu kuwa mwenye haki, na ya kwanza kabisa inamhukumu yeyote asemaye kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe, bila neema ya Mungu ipatikanayo kwa Yesu Kristo. Sura ya nane ya hati hiyohiyo inasema kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachoistahili neema hiyo. Hata imani, basi, si bei tunayomlipa Mungu.

Ukitaka ushahidi ulio karibu, simama karibu na kisima siku ya ubatizo wa watoto. Mtoto anayeletwa mikononi mwa mama yake hajafunga, hajatoa sadaka, hajamtembelea mgonjwa. Hata kukiri imani hawezi, wazazi na wasimamizi ndio wanaomkiria, nasi tunaamini kwamba hapohapo anapokea neema ya utakaso. Kanisa linaloamini wokovu wa kununuliwa kwa matendo lingewezaje kumbatiza mtoto mchanga? Sijapata kumsikia mhubiri wa mazishini akilijibu hili.

Ama Paulo na Yakobo, wote wawili wanamleta Abrahamu kama shahidi, lakini si wa siku ileile. Katika Warumi 4, Paulo anashika Mwanzo 15, ambapo Abrahamu anaiamini ahadi akiwa hana mtoto. Yakobo anashika Mwanzo 22, miaka mingi baadaye, Isaka akiwa amewekwa juu ya kuni. Paulo anaeleza jinsi mtu anavyopokelewa na Mungu bila kuwa na cha kujivunia. Yakobo anamkemea mtu aliyekwisha kujiita mwamini, ambaye anamwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Nawaomba shemeji zako wasiishie Waefeso 2:9, isemayo kwamba wokovu hautokani na matendo. Mstari wa 10 unaendelea: "Maana tu kazi yake, tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Uji wa mama yako umo katika mstari huo.

Mwanglikana wa Maseno

Bwana asifiwe, na pole, dada. Mwalimu amejibu vyema, na aliyoyasema mhubiri yule hayakumtendea marehemu haki. Hata hivyo, tusizungumze kana kwamba hakuna tofauti iliyobaki. Katika zile Kanuni 39 za imani za Kanisa letu la Kianglikana, ya 11 inasema tunahesabiwa haki kwa imani tu, na ya 12 inasema matendo mema ni matunda ya imani hai, yanampendeza Mungu katika Kristo, lakini hayawezi kuziondoa dhambi zetu. Trento, katika kanuni ya 24, inamkataa asemaye kwamba matendo ni matunda na dalili tu. Kwao, matendo ya aliye katika neema humwongezea haki aliyokwisha kuipokea. Hapo ndipo tunapoachana, na ni bora tuachane mahali penyewe kuliko kusingiziana.

Nimelelewa na wazee wa uamsho, ule ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na walikuwa wakali sana dhidi ya kutegemea matendo. Lakini wazee haohao hawakuupokea ushuhuda wa aliyeokoka na huku ng'ombe wa wizi angali zizini mwake. Ilimpasa kumrudisha na kukiri mbele ya watu. Kwa hiyo, tukija kwenye maisha, sioni kwamba tuko mbali na Wakatoliki kama tunavyodhani. Tarehe 31 Oktoba 1999, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi, mjini Augsburg, tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yoyote yetu. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006, na Baraza la Ushauri la Kianglikana likakikubali kiini chake mwaka 2016. Inasikitisha kwamba habari hiyo haijafika makaburini.

Aliyeokoka, Nakuru

Ndugu zangu, mwizi msalabani alikuwa na tendo gani? Aliahidiwa paradiso siku ileile.

Katekista, Kisumu

Ndugu wa Nakuru, hakuwa na tendo lolote lililomstahilia, na Kanisa Katoliki linasema vivyo hivyo. Lakini tazama Luka 23:40 na 41: neema ilipomgusa, alimkemea mwenzake, akakiri kosa lake na kumtetea Yesu asiye na hatia. Pumzi chache alizobakiwa nazo alizitumia kutenda mema.

Kwa ndugu wa Maseno, nakubali mpaka umeuchora mahali pake. Ningeongeza tu kwamba sisi, tunaponena juu ya mastahili, yaani kustahili thawabu kwa matendo mema, tunafuata mafundisho ya Mtakatifu Augustino, kwamba Mungu anapoyavika taji mastahili yetu, anavika taji zawadi zake mwenyewe. Na dada, wakikuuliza kama mama yuko mbinguni, waambie kwamba Trento inatukataza kujipa uhakika kana kwamba Mungu ametufunulia, lakini haitukatazi kutumaini. Ndiyo maana tunamwombea kwenye Misa, tukiitegemea huruma ya Kristo.

Binti wa Mumias

Asanteni sana, walimu wangu. Jumapili shemeji wanakuja kwangu, nami nitawasomea Waefeso 2 kuanzia mstari wa 1 hadi wa 10, kisha ile kanuni ya kwanza ya Trento. Ndugu wa Maseno, tafadhali niwekee hapa maneno kamili ya zile kanuni zenu mbili, kwa maana shemeji mmoja ni Mwanglikana.